Nyuzi 45: Shajara ya Karakana, Keko, 2024

Jumanne, 3 Septemba

Fremu tatu kati ya kumi na mbili zimerudi. Mama mwenye duka la picha hakugomba. Aliziweka juu ya benchi langu, akapitisha ukucha kwenye kona ya kwanza, kisha ya pili, akasema, "Fundi, ukucha unaingia."

Kweli ulikuwa unaingia. Mianya nilikuwa nimeiziba kwa unga wa mninga uliochanganywa na gundi nyeupe, kama tunavyofanya wengi hapa Keko, nikapiga msasa, nikapiga vanishi juu yake. Siku ya kukabidhi zilipendeza. Wiki tatu baadaye kiraka kimesinyaa na kona zote nilizoziba zina mstari mweusi.

Picha zenyewe ni za Tingatinga, za mraba, sentimita 60 kwa 60. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alichora kwenye vibao vya hadibodi vya mraba, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini waliomfuata bado wanaupenda mraba. Fremu ya mraba haina pa kujificha. Fremu ndefu ikipinda kidogo jicho linasamehe, ila mraba kila mtu anaujua tangu utotoni.

Nimemwambia nitazirudia zote 12, si hizo tatu tu. Akauliza lini. Nikamwomba mpaka tarehe 20.

Jumatano, 4 Septemba

Leo sikukata hata ubao mmoja. Nimekaa na kalamu.

Kila fremu ina kona nne, na kila kona ina ncha mbili zilizokatwa. Jumla makato manane. Geji ya pembe iliyokuja na msumeno wangu wa meza nimekuwa nikiiweka kwenye alama ya 45 na kuiamini. Kumbe tuseme imekosea sehemu moja tu ya kumi ya uzi mmoja. Kosa hilo halionekani kwa macho, lakini mara nane ni 0.8 ya uzi. Kona tatu za kwanza nazibana kwa nguvu zinafunga, na deni lote linahamia kona ya nne. Ubao wangu una upana wa milimita 60, hivyo mstari wa kona una urefu wa karibu milimita 85. Nyuzi 0.8 kwenye urefu huo zinafungua mwanya wa milimita 1.2.

Nikachukua fremu iliyorudi, nikachokonoa kiraka, nikapima. Milimita moja na kidogo.

Kwa hiyo mkono wangu haukukosea, wala mninga haukukosea. Kosa liko kwenye kifaa, nami nilikuwa nalipaka vanishi. Nitatengeneza kitelezi: kibao kinachotembea juu ya meza ya msumeno kwa reli mbili ndani ya mifereji yake, kikiwa kimebeba ubao ninaoukata. Ubao hautasuguana na meza wala kuyumba mkononi. Lakini kitelezi hufuata mfereji, na mfereji haunisaidii kitu kama bledi yenyewe imekaa upande.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimechomoa waya ukutani kabla ya kitu chochote, nikauweka juu ya meza niuone. Dogo ninayefanya naye kazi aliniuliza kwa nini nisizime swichi tu. Nikamwambia swichi inaweza kuguswa na kiwiko.

Fila nimeazima kwa fundi magari wa jirani, zile bamba nyembamba wanazopimia tapeti. Nilipiga randa kipande cha mninga kikae ndani ya mfereji bila kucheza, nikafunga skrubu ya shaba mwishoni mwake, kichwa kikitazama bledi. Jino moja nikalitia alama ya kalamu. Nikalileta mbele, nikaisogeza skrubu mpaka ikaligusa. Kisha nikaizungusha bledi kwa mkono, jino lilelile likaenda nyuma, nami nikateleza na kipande changu kulifuata. Ni lazima liwe jino lilelile. Ukipima jino jingine utakuwa unapima kuyumba kwa bledi, si kukaa kwake.

Nyuma kulikuwa na nafasi. Fila ya 0.20 ikaingia, nikaongeza ya 0.15, zikapita pamoja. Milimita 0.35. Miaka yote hii nimekuwa nikiona alama za kuungua kwenye mninga na kulaumu bledi kuwa butu. Yalikuwa ni meno ya nyuma yanayosugua ubao ambao meno ya mbele yameshaumaliza.

Kulegeza boliti zinazoshika kiti cha bledi chini ya meza, kugonga kwa nyundo ya mbao, kukaza, kupima tena: saa mbili na nusu. Boliti ya mwisho ukiikaza huvuta kila kitu, hivyo ukigonga inabidi uibakishie kidogo. Sasa fila ya 0.05 inapita kwa shida. Hapo naacha.

Nimehakikisha pia bledi imesimama wima. Nilikata kipande kinene, nusu moja nikaipindua juu chini, nikazisimamisha mezani zikiwa zimekutana palipokatwa. Kama bledi imelala, mwanya unaonekana mara mbili ya kosa. Haukuonekana. Skwea ya duka isingenipa jibu la wazi namna hiyo.

Jumamosi, 7 Septemba

Sakafu ya kitelezi: plaiwudi ya milimita 18, sentimita 80 kwa 60. Nilichagua kwa kuzilaza mbao dukani moja baada ya nyingine na kuchungulia pembeni. Ya nne ndiyo iliyokuwa imenyooka. Muuzaji alinuna, nikamwelewa.

Reli ni za mninga. Wengine hutumia plastiki ya vibao vya kukatia mboga, nayo ni nzuri kwa sababu haijui unyevu. Mimi mninga ninao, na kati ya mbao zetu ngumu ni wachache wanaotulia kama yeye akishakauka. Mifereji ina upana wa milimita 19. Nilipiga randa reli kidogo kidogo mpaka zikaingia kwa kidole kimoja na zisitikisike kushoto wala kulia.

Kuzibandika ilikuwa kazi ya akili. Ndani ya kila mfereji nilipanga sarafu ndogo, nikalaza reli juu yake ili zichomoze kidogo juu ya meza. Gundi juu ya reli, sakafu ikashushwa, ukingo wake ukiwa umeegemea ukingo wa msumeno, matofali mawili juu. Baada ya kukauka nikaongeza skrubu kutoka juu. Zile sarafu zimebaki kwenye mfereji nusu siku nzima na hakuna aliyezichukua.

Kilipotembea kilikwama katikati. Nikapaka risasi ya penseli kwenye kuta za mfereji, nikakisukuma mara tano, nikakigeuza. Palipokuwa pameshika weusi ndipo palipokuwa panene. Nikakwangua kwa patasi, nikarudia. Mwisho nikasugua mshumaa. Kinateleza kama droo nzuri.

Jumatatu, 9 Septemba

Siku ndefu kuliko zote, na niandike taratibu ili kesho dogo aisome.

Ukingo wa nyuma wa kitelezi, ule ninaouegemezea ubao, lazima uwe mraba kamili na njia ya bledi. Nimeufunga kwa skrubu moja upande wa kulia, ndiyo mhimili. Upande wa kushoto, milimita 500 kutoka hapo, nimeubana kwa klempu ili uweze kusogea. Skwea sikuitumia kuhukumu. Skwea yangu niliipima kwa kuchora mstari, kuipindua na kuchora tena: mistari miwili ilianza pamoja na mwishoni ikaachana.

Nimetumia makato matano. Unachukua kipande cha plaiwudi cha mraba, changu kilikuwa cha milimita 400 hivi. Unakata upande wa kwanza. Unakizungusha, upande uliotoka kukatwa unauegemeza kwenye ukingo, unakata wa pili. Hivyo hivyo wa tatu na wa nne, ukizungusha daima kuelekea upande mmoja. Kisha unarudi upande wa kwanza na kukata mara ya tano, lakini sasa unatoa utepe wa upana wa sentimita mbili na nusu. Kosa la ukingo limebebwa mara nne na lote limo ndani ya utepe ule. Unapima upana wake kwa kalipa mwanzo na mwisho.

Wangu: 25.62 ncha moja, 24.98 ncha ya pili. Tofauti 0.64. Gawanya kwa 4, ni 0.16. Hilo ndilo kosa kwenye urefu wa 400. Kwenye 500, ambapo ndipo umbali wa kutoka mhimili hadi klempu, ni 0.20.

Milimita 0.20! Hakuna mkono wa mtu unaoweza kusogeza ubao kiasi hicho kwa kukadiria. Ndipo fila zikarudi kazini. Nilibana kipande cha mbao nyuma ya ukingo kikiwa kimeugusa, nikalegeza ukingo, nikaingiza fila ya 0.20 katikati, ukingo ukasogea mbele kiasi hicho tu, nikaukaza.

Nikakata tena makato matano. Tofauti ikawa 1.28.

Nilikaa chini. Kisha nikaangalia ile namba vizuri. Ni mara mbili kamili ya 0.64. Maana yake kipimo kilikuwa sahihi kabisa, ila nilisogeza kuelekea pasipotakiwa. Namba mbaya iliyokuja kwa utaratibu kama ule ilinipa moyo kuliko namba nzuri iliyokuja kwa bahati. Sasa nilihitaji kurudi nyuma 0.40. Safari hii nikaweka fila ya 0.40 kwanza, nikabana kipande cha mbao kikiwa kimeigusa, nikaitoa fila, nikauvuta ukingo mpaka ukakigusa kipande.

Makato matano ya tatu: tofauti 0.05. Ukigawanya kwa 4, kosa halifiki 0.02 kwenye urefu wa milimita 400. Nikatia skrubu upande wa kushoto pia, mbili.

Plaiwudi imeisha nusu. Sijutii.

Jumanne, 10 Septemba

Umeme hakuna tangu asubuhi. Nimebandika kibao kinene kwa gundi nyuma ya ukingo, pale bledi inapotokea baada ya kukata. Hapo ndipo mtu huweka dole gumba bila kufikiri. Sasa bledi ikitoka inaingia ndani ya kibao hicho na hewani haionekani. Nimeweka na kizuizi mezani ili kitelezi kisiweze kusukumwa kupita hapo. Kibao nimekipaka rangi nyekundu.

Alhamisi, 12 Septemba

Mzee aliyenifundisha kazi alipita. Nilimwamkia, akaitikia, akakizunguka kitelezi bila neno. Kisha akauliza, "Na hizo 45 utazipataje, mwanangu? Utazipima moja moja?"

Nikamwambia ndivyo nilivyokusudia: kingo mbili, kila moja nyuzi 45 kutoka kwenye njia ya bledi.

Akasema, "Usitafute 45. Tafuta 90, kisha uigawe."

Ilinichukua muda kumwelewa. Ubao wa fremu huwezi kuupindua, una uso na una mdomo wa kukalia picha upande wa ndani. Kwa hiyo ncha moja ya kila ubao hukatwa upande wa kushoto wa bledi na nyingine upande wa kulia. Na kona yoyote ya fremu ni ncha ya kushoto iliyokutana na ncha ya kulia. Kama kushoto ni 45.2 na kulia ni 44.8, zikikutana zinatoa 90. Kinachotakiwa kisikosee hata chembe ni pembe iliyo kati ya kingo zile mbili. Upande mmoja ukizidi, mwenzake unapungua, na deni linalipwa palepale konani.

Na 90 ninayo. Nimeitafuta siku nzima ya Jumatatu. Nilikata kibao cha mraba cha milimita 300 kwenye kitelezi chenyewe, nikakigeuza pembe yake itazame bledi, nikakilaza juu ya kitelezi. Kingo zake mbili ndizo ukingo wa kushoto na wa kulia. Waashi wanaipata pembe kama hii kwa kamba, tatu, nne, tano, na nyumba zinasimama, lakini kwa fremu kamba ni nene mno.

Baada ya mzee kuondoka nilijaribu maneno yake kwa mbao. Ncha mbili zote za kushoto nilizikutanisha kwenye pembe ya kibao: mwanya upande wa nje. Mbili zote za kulia: mwanya upande wa ndani. Moja ya kushoto na moja ya kulia: hamna mwanya. Nilizishika kwenye mwanga wa dirisha na hakuna mwanga uliopita.

Hata hivyo sikuiacha hivyo. Pembe zisipolingana, mstari wa kona kwenye ubao mmoja unakuwa mrefu kuliko wa mwenzake kwa zaidi ya nusu milimita, na kwenye pembe ya ndani ya fremu inaonekana. Nikakizungusha kibao kwa fila mpaka mbili za kushoto zikakaribia kufunga zenyewe kwa zenyewe. Kisha nikatoboa matundu mawili na kupigilia vigingi vya mpingo. Kibao sasa kinatoka nikitaka kukata mraba, na kikirudi kinarudi palepale.

Jumamosi, 14 Septemba

Urefu. Hili mzee alilisema zamani na nililisahau: wengi wanaolaumu pembe, kosa lao liko kwenye urefu. Mbao mbili zinazotazamana zikitofautiana nusu milimita, kona haitafunga hata kama pembe zimetoka mbinguni.

Picha ni milimita 600. Nimeipa nafasi ya 3 ili isibanwe, 603. Mdomo wa kukalia picha una upana wa 8, hivyo kila upande ubao unazidi kwa 52. Urefu wa nje: 707. Nimefunga mkono wa plaiwudi pembeni ya kitelezi na kizuizi kimoja mwishoni mwake. Kwa kuwa fremu ni ya mraba, kizuizi hicho kimoja kinatosha kwa mbao zote 48. Uso wake nimeukata nyuzi 45 pia, maana ncha ya mninga ni kali lakini laini, ikigonga ukuta mkavu inapondeka. Chini yake nimekwangua kidogo ili unga wa mbao upate pa kukimbilia. Chembe ya unga ikikaa pale, ubao unatoka mfupi na hutajua.

Fremu ya majaribio, bila gundi, imefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli kuzunguka. Kona nne nimezipitisha ukucha. Mishazari miwili inalingana, tofauti sikuiona kwenye futi.

Dogo akasema, "Fundi, unga wa kuziba nisikusanye leo?" Nikamwambia ausukume nje.

Jumatano, 18 Septemba

Mbao 48 kwa siku mbili, bledi ya meno 80. Ile ya meno 24 ya kuchania nimeitundika. Nimekata zote za kushoto kwanza, kisha zote za kulia, ili nisichanganyikiwe.

Gundi: ncha iliyokatwa hivi inakunywa kama ardhi kavu. Napaka mkono mwepesi wa kwanza, nasubiri dakika chache, napaka wa pili, ndipo nafunga mpira. Zikikauka, kila kona inakatwa mfereji mwembamba wa bledi moja na kutiwa kabari ya mpingo, mabaki niliyopata kwa wachongaji wa vinyago Mwenge. Mstari mweusi uko konani tena, ila huu nimeuweka mimi, na unabeba.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimekabidhi 12. Mama alipitisha ukucha kona zote 48, hakuruka hata moja, nami nilisimama pale mpaka akamaliza. Akalipa salio. Zile za zamani nimezichukua, nitazikata ziwe fremu ndogo.

Jumamosi, 23 Novemba

Vuli imeshuka wiki nzima. Leo kitelezi kilikuwa kizito mkononi; reli zimevimba kidogo upande wa mbele. Penseli, patasi, mshumaa, nusu saa. Kisha makato matano kabla sijagusa mbao za mteja: tofauti 0.11, kutoka 0.05. Bado inatosha kwa fremu, lakini imetembea. Nimekitundika kwa tundu lililo katikati, maana nimegundua dogo alikuwa anakiegemeza ukutani, na plaiwudi ikiegemea ukuta wenye unyevu hujikunja.

Chini ya sakafu yake nimeandika kwa kalamu ya wino, mahali ambapo yeyote atakayekigeuza ataona: 9/9/2024, 0.05. 23/11/2024, 0.11. Kabla ya kazi yoyote ya kona, kata makato matano na uandike hapa.